Konokono Waliopewa Uraia wa Ulaya kwa Makosa

Jacques Draparnaud, mwanasayansi wa Montpellier, alifariki mwaka 1804. Kitabu chake kuhusu konokono wa nchi kavu na wa mito ya Ufaransa kilitoka mwaka uliofuata, na humo mna konokono mmoja mdogo wa mto Garonne, pale Bordeaux: gamba jembamba lenye kung'aa, ncha kali, na mdomo ulio upande wa kushoto ilhali konokono wengi midomo yao iko kulia. Akampa jina Physa acuta. Tangu hapo Ulaya ilimhesabu kuwa mwenyeji, na ukimtafuta leo utamkuta karibu kila mahali, kuanzia madimbwi ya bustani hadi mitaro ya maji machafu ambamo wengine wameshindwa kuishi.

Kumbe si mwenyeji. Marekani nako walikuwa na konokono wao, Physa heterostropha, aliyepewa jina na Thomas Say mwaka 1817, na baadaye majina mengine yakaongezwa juu ya hilo. Mwaka 2002 Robert Dillon na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lisilo na makuu: waliwaweka pamoja maabara konokono wa Ulaya na wa Marekani, wakangoja kuona kama watazaana. Wakazaana, na watoto wao nao wakazaa. Ni spishi moja. Wataalamu wengi sasa wanakubaliana kwamba asili yake ni Amerika Kaskazini, na kwa kuwa Bordeaux ilikuwa bandari kubwa ya meli za Atlantiki, si vigumu kukisia alivyofika. Lakini kanuni za kutaja wanyama zinasema jina lililochapishwa kwanza ndilo hushinda. Kwa hiyo konokono huyu anaitwa, hata kwao Marekani, kwa jina alilopewa ugenini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa cheti cha kuzaliwa.

Angekuwa peke yake ningemchukulia kuwa kituko cha historia. Hayuko peke yake. Mwaka 1889 Edgar Albert Smith wa British Museum alitangaza spishi mpya kutoka vinamasi vya mto Thames, mashariki ya London, akaiita Hydrobia jenkinsi kwa heshima ya aliyeikusanya. Ni konokono wa milimita 5 hivi, wa rangi ya kahawia, asiye na lolote la kumvutia mpita njia. Baada ya muda mfupi akaanza kuonekana kwenye mito na mifereji ya bara, kisha akavuka kwenda nchi nyingine za Ulaya. Karibu wote ni majike, na kila jike huzaa bila kuhitaji dume, kwa hiyo mmoja tu akinasa kwenye matope ya buti anatosha kuanzisha ukoo mahali papya. Mahali pengine wamehesabiwa zaidi ya laki moja kwa mita moja ya mraba. Ilipofika mwaka 1972, Michael Winterbourn alilinganisha konokono wa Uingereza na wale wa New Zealand, akaonyesha kwamba ni walewale: Potamopyrgus antipodarum, aliyekwisha kutajwa na John Edward Gray mwaka 1843. Kwa miaka 83 Uingereza ilikuwa imemwandika kwa jina la pekee mgeni aliyetoka upande wa pili wa dunia.

Wa tatu ni Ferrissia wautieri, konokono wa milimita 3 au 4 mwenye gamba kama kofia, aliyetangazwa mwaka 1960 kutoka kaskazini mwa Italia. Kadiri watu walivyomtafuta ndivyo walivyompata, na orodha za nchi moja baada ya nyingine zikamwingiza, mara nyingi kwa furaha ya kupata spishi adimu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakasoma vinasaba vyake. Naye ni wa Amerika Kaskazini.

Nimewaleta watatu hawa kwa sababu ya jambo moja ambalo husemwa kidogo mno kuliko uzito wake. Katika konokono wadogo wa maji baridi, jina ni dhana. Leo ni hili, kesho litarekebishwa, na hilo si aibu kwa sayansi. Aibu ni kuandika rekodi ambayo jina lake likibadilika haiwezi kurudiwa wala kuhakikiwa, kwa sababu hakuna aliyeweka gamba. Makosa yote matatu yalisahihishwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushika mkononi: gamba kavu kwenye sanduku, mwili ndani ya spiriti, au konokono hai wa kulinganishwa. Hakuna lililosahihishwa kwa kusoma orodha ya majina.

Ulaya ilikuwa na mtu mmoja anayelifafanua jambo hili kuliko kanuni yoyote. Jules René Bourguignat, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1829 na 1892, aliongoza kundi la wakusanyaji walioamini kwamba tofauti yoyote ya gamba inayoweza kupimwa inastahili jina lake. Wakatoa majina kwa wingi wa kutisha. Kwa kome wa maji baridi wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) ya Anodonta peke yake, walirundika mamia ya majina juu ya wanyama ambao leo wanahesabiwa kuwa spishi chache tu, kwa sababu gamba la kome hubadilika umbo kulingana na matope, mkondo na chakula. Wenzao waliwacheka, na vizazi vilivyofuata viliwalaani. Mimi nina huruma kidogo na Bourguignat. Mkusanyiko wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Geneva, kwa hiyo anayetaka kujua alimaanisha nini kwa jina fulani anaweza kwenda kuangalia. Vurugu yake inarekebishika. Orodha safi na fupi ya mtu mwangalifu ambaye hakuhifadhi chochote haina bahati hiyo.

Ugumu wenyewe unaonekana zaidi kwenye chemchemi. Kuanzia Hispania hadi Balkani kuna konokono wa jenasi Bythinella, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita 2 hadi 4, wanaoishi katika maji baridi na safi yanayotoka ardhini. Hawawezi kuvuka nchi kavu wala kuvumilia mto wenye joto chini ya bonde, kwa hiyo kila chemchemi ni kisiwa, na ndugu waliotenganishwa na kilima kimoja huenda hawajakutana tangu enzi ya barafu. Hali kama hiyo huzaa spishi nyingi. Lakini magamba yao hayana alama: bomba fupi la mviringo, laini, bila mistari wala miiba. Ndiyo maana wataalamu kama Pavle Radoman, aliyewachunguza konokono wa Balkani kwa miaka mingi, walilazimika kuwapasua chini ya hadubini na kuangalia viungo vya uzazi vya mnyama mdogo kuliko punje ya mchele. Kazi hiyo inataka konokono aliyelegezwa kwanza, kwa mfano kwa fuwele za mentoli zilizotiwa majini, kisha akawekwa kwenye spiriti. Ukimtumbukiza moja kwa moja hujikunja ndani ya gamba na huoni kitu. Ukimtia fomalini unaharibu vinasaba vyake, na aliyekausha gamba tupu kakupa nusu ya ushahidi.

Vinasaba vilipokuja, wengi walidhani mabishano yangeisha. Hayakuisha, yalihama tu. Ancylus fluviatilis, aliyepewa jina na Otto Friedrich Müller mwaka 1774 na ambaye kila mwanafunzi wa mito Ulaya anamjua, aligundulika kuwa kundi la koo kadhaa zinazofanana kwa gamba lakini zimetengana zamani kwa damu. Huko spishi ziliongezeka. Kwa konokono wa chini ya ardhi wa jenasi Bythiospeum, mambo yalikwenda kinyume. Wengi wao walipewa majina kutokana na magamba matupu yaliyosukumwa nje na maji kwenye midomo ya chemchemi za kusini mwa Ujerumani, kila chemchemi na spishi yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 uliyafuta mengi ya majina hayo, na eneo lililosifiwa kuwa hazina ya spishi likapoteza sifa hiyo bila konokono hata mmoja kufa. Na kwa kundi la Radix, lile la madimbwini lenye mdomo mpana, Markus Pfenninger na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba umbo la gamba, ambalo vitabu vyote vya utambuzi vililitegemea, halilingani na koo halisi za vinasaba.

Hapo mwenye hasira atauliza: basi kuna faida gani kuandika orodha? Faida ipo, na ni ya kisheria kabisa. Konokono Anisus vorticulus, mviringo bapa wa milimita 5 hivi anayeishi kwenye mifereji safi yenye majani mengi, analindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuhifadhi makazi asilia, ile ya mwaka 1992 na nyongeza zake. Binamu yake Anisus vortex, mkubwa kidogo na wa kawaida mno, halindwi. Tofauti inayoonekana kwa lenzi ni ukubwa na mahali ulipo ukingo mwembamba wa gamba, kama uko katikati au umesogea upande mmoja. Kwa ukingo huo bodi ya mifereji inaweza kuambiwa isichimbe mwaka huu, au ichimbe upande mmoja tu. Mkulima aliye kando ya mfereji ana haki ya kuuliza nani kaangalia, na kwa kutumia nini.

Uingereza walilijua hilo mwaka 1996, walipotaka kujenga barabara ya kupita pembeni ya mji wa Newbury. Njiani alikuwapo Vertigo moulinsiana, asiyefika milimita 3. Si konokono wa majini hasa, hupanda kwenye majani ya kando ya maji. Suala likafika mahakamani, barabara ikaruhusiwa, na konokono wakahamishwa pamoja na udongo na majani yao hadi mahali palipotengenezwa kwa ajili yao. Miaka kumi baadaye walikuwa wametoweka pale walipohamishiwa. Tunalijua hilo kwa sababu mtu alirudi kuhesabu, na kurudi kuhesabu ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo wafadhili huichoka mapema.

Kwa kurudi na kuhesabu, Waingereza wana rekodi ya kuonewa wivu. Chama chao cha wapenda magamba kilianzishwa Leeds mwaka 1876, na karibu tangu mwanzo kikaanza kuandika konokono gani yuko wilaya gani. Walioifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa hawakulipwa: makasisi, walimu, madaktari, wafanyakazi wa ofisini waliotoka Jumapili na chujio. Kulikuwa na sharti moja ambalo nalipenda sana, kwamba rekodi mpya ya wilaya haikubaliwi mpaka msimamizi aone gamba lenyewe. Baadaye ramani zikahamia kwenye miraba ya kilomita 10 kwa 10, na mwaka 1999 Michael Kerney akachapisha atlasi ya konokono na kome wa nchi kavu na maji baridi wa Uingereza na Ireland, ambayo nchi nyingi bado hazina ya kulinganisha nayo. Kutokana na kumbukumbu za aina hiyo ndipo mtu aliweza kufuata mwendo wa yule mgeni wa New Zealand kutoka mlango wa Thames hadi bara.

Hata hivyo miraba ina mtego wake. Kwa miongo mingi watu waliandika Lymnaea peregra kwa kila konokono wa dimbwi mwenye mdomo mpana. Baadaye ikajulikana kwamba jina hilo lilifunika zaidi ya spishi moja, na leo hata jenasi zimegawanywa: mwingine ni Ampullaceana balthica, mwingine Peregriana. Rekodi zenye gamba kabatini zinaweza kupangwa upya. Nyingine zimebaki kuwa nukta kwenye ramani, na hakuna awezaye kusema ni nukta ya nani.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi zaidi, yaani namna serikali zinavyopima afya ya mito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waingereza walibuni mfumo wa kutoa alama kwa kila familia ya wadudu na wanyama wadogo wanaopatikana kwenye wavu. Familia inayohitaji maji safi sana hupata 10, inayovumilia uchafu hupata chache. Mfumo huo ni wa haraka, rahisi kufundisha, na uliigwa sehemu nyingi. Lakini humo konokono hawana majina. Hydrobiidae wote walipewa 3, awe mwenyeji adimu au mgeni wa New Zealand aliyejaa mto mzima. Physidae walipewa 3. Planorbidae walipewa 3, pamoja na yule Anisus anayelindwa na sheria. Ancylidae, familia ya akina Ancylus, walipewa 6. Kisha wataalamu wa uainishaji wakagundua kwamba Ancylus ni sehemu ya Planorbidae. Kwa hiyo familia moja, kwa mujibu wa karatasi ya alama, ilistahili 3 na 6 kwa wakati mmoja. Mifumo mipya imerekebisha baadhi ya haya, lakini makumi ya maelfu ya sampuli zilishasomwa kwa mtindo huo, zikaandikwa kwa familia, na yaliyobaki kwenye trei yakatupwa.

Siku hizi tatizo limevaa nguo mpya. Mtu anapiga picha kwa simu, programu inapendekeza jina, watu wawili wanakubali, rekodi inaingia kwenye hifadhidata ya dunia. Kwa kipepeo mkubwa, sawa kabisa. Kwa konokono wa milimita 3, aliyepigwa picha kutoka juu akiwa amefunikwa na mwani, huo ni uvumi wenye tarehe na ramani. Sidharau wapiga picha. Wengi wao ndio hao hao wa Jumapili na chujio, na kwa spishi rahisi wametoa habari ambazo majumba ya makumbusho yasingezipata kwa miaka hamsini. Nachotaka ni hifadhidata itofautishe waziwazi rekodi yenye kielelezo, yaani konokono au gamba lililohifadhiwa, na ile ya picha, na ile ya picha isitumike peke yake kusimamisha barabara wala kuiruhusu.

Kuna pingamizi la haki: kuhifadhi kielelezo maana yake ni kuua. Orodha ya mwaka 2011 ya spishi zilizo hatarini Ulaya ilikadiria kwamba asilimia 44 ya konokono na kome wa maji baridi wako katika hatari ya kutoweka, na baadhi ya konokono wa chemchemi wanajulikana kutoka mahali pamoja tu duniani. Mtu akichota wachache kila mwaka kwa jina la sayansi, atakuwa amejiunga na kampuni ya maji inayoikausha chemchemi hiyo. Nakubali kwa sehemu. Anisus vorticulus hachukuliwi bila kibali, na iwe hivyo. Lakini wenye kuua chemchemi za Ulaya ni mabomba ya maji ya kunywa, samadi ya mifugo, ukame, na saruji inayojengewa mdomo wa chemchemi ili ipendeze. Konokono watatu kwenye spiriti, mara moja kwa kila chemchemi, hawaingii kwenye hesabu hiyo, na wanamwondolea mtu wa baadaye ulazima wa kurudi kuchota tena. Magamba matupu nayo yapo bure kwenye mchanga, ingawa yasichukuliwe kuwa ushahidi kwamba mnyama bado anaishi hapo. Maji husafirisha magamba mbali.

Msomaji wa Unguja au Mwanza hahitaji kwenda Bordeaux kuelewa hili. Kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa jenasi Bulinus, na Unguja wapo wawili wanaofanana mno kwa gamba: Bulinus globosus, wa upande wa kaskazini, anayebeba vimelea hivyo, na Bulinus nasutus, wa kusini, ambaye hapo kisiwani habebi. Ilihitaji vinasaba kuwatenganisha kwa uhakika, na anayetaka kupuliza dawa bwawani anahitaji kujua yuko mbele ya yupi. Vielelezo vya konokono wa Zanzibar vimo katika hifadhi maalumu ya kichocho ya Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia, London, jambo jema kwa usalama wao na gumu kwa mtafiti asiye na nauli. Nao Wazungu walikumbushwa mwaka 2014, pale watalii walioogelea mto Cavu, kisiwani Corsica, walipogundulika kuwa na kichocho kilichoambukizwa papo hapo. Bulinus truncatus alikuwa ameshaandikwa kwenye orodha za Corsica kwa miongo kadhaa. Kilichokosekana si jina, bali mtu mwenye kazi ya kumwangalia.

Fedha sasa zinaelekea kwenye vinasaba vilivyomo majini: unachota lita moja ya maji, mashine inasoma, orodha inatoka bila mtu kulowa miguu. Naipenda mbinu hiyo kwa wanyama wasioonekana kirahisi. Ila mashine hulinganisha ilichosoma na maktaba ya vinasaba, na kila ukurasa wa maktaba hiyo umebandikwa jina na binadamu aliyemshika konokono. Alipokosea yeye, mashine itakosea kwa kasi. Kama konokono wenyewe wamehifadhiwa, kosa linafuatiliwa hadi chupa fulani, kabati fulani. Kama hawakuhifadhiwa, ndiyo yaleyale ya Lymnaea peregra, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Mashirika ya mazingira ya Ulaya tayari yanatuma watu mtoni kila mwaka na wavu, ndoo na magari. Sampuli zinaletwa maabara, konokono wanahesabiwa kwa familia, karatasi inajazwa. Kubakiza wachache kwa kila kituo, wakawekwa kwenye chupa ya spiriti yenye kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli (wino huyeyuka), kunahitaji rafu na mtu wa kuzipanga. Safari ya kwenda mtoni, ambayo ndiyo ghali, imeshalipiwa.